Aliyefunga Mlango Ndiye Mwenye Kujibu

Hakuna hakimu wa Kenya aliyepewa na sheria uwezo wa kumhukumu mtu kuugua kifua kikuu. Hakimu anaweza kumtoza mshtakiwa faini, anaweza kumfunga miezi au miaka, anaweza kumnyima dhamana na kumrudisha rumande hadi siku ya kutajwa kwa kesi yake. Ugonjwa haumo katika orodha ya adhabu. Hata hivyo, wengi wenye ndugu waliopita katika jela zetu wanajua kwamba wapo walioingia wazima wakatoka wakikohoa, na wapo ambao hawakutoka kabisa. Adhabu hiyo ya pili haikusomwa mahakamani wala haikuandikwa katika hati ya kifungo. Nani aliyeitoa, na nani atakayeijibu?

Jambo hili husemwa mara nyingi kwa lugha ya huruma. Tunaombwa tuwahurumie wafungwa, tupeleke sabuni na blanketi, tuwakumbuke sikukuu zikifika. Huruma ni njema, na makanisa yetu yamefanya kazi kubwa ya kuingia mahali ambapo wengine hawataki hata kupita karibu. Lakini huruma haina tarehe ya kusikizwa, haina hati ya kiapo, wala haimlazimishi afisa yeyote wa Serikali kutoa majibu. Sheria inavyo vyote hivyo. Hoja yangu katika makala hii ni moja: Serikali inayomfungia mtu ndani ya chumba ndiyo inayowajibika kujua ni ugonjwa gani uliomo ndani ya chumba hicho, na isipojua kwa sababu haikutaka kuchunguza, kutojua huko kusiwe ngao yake mahakamani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana bila kuuelewa hatuwezi kuielewa sheria. Kifua kikuu husambaa kwa hewa. Mgonjwa asiyetibiwa akikohoa, akipiga chafya au hata akizungumza, hutoa vijidudu ambavyo huelea katika hewa ya chumba kisicho na madirisha ya kutosha, na aliye karibu huvivuta. Aliyevivuta anaweza kuugua baada ya miezi michache, au akakaa miaka mingi bila dalili yoyote kabla ugonjwa haujaamka mwilini mwake. Nje ya jela, mtu akimwona jirani yake akikohoa damu anaweza kufungua dirisha, kuhamia chumba kingine, au kumhimiza aende zahanati. Mahabusu hawezi hata moja kati ya hayo. Hachagui anayelala ubavuni mwake. Hachagui saa ya kutoka nje kuota jua. Njia zote za kujikinga ambazo Mungu na akili zimempa binadamu ziko mikononi mwa mwenye funguo.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa afya langoni si anasa. Maswali yake ya kwanza ni manne, na hata askari aliyefunzwa kidogo anaweza kuyauliza: je, unakohoa? Una homa? Unatokwa jasho jingi usiku? Umepungua uzito? Anayejibu ndiyo hutengwa kwa muda na kutoa makohozi yapimwe, na siku hizi zipo mashine zinazoweza kutoa jibu kwa takriban saa mbili. Anayekutwa na ugonjwa wa kawaida hupewa dawa za miezi sita, ambazo katika hospitali za Serikali hutolewa bure, na baada ya majuma machache ya tiba sahihi hatari ya kuwaambukiza wengine hupungua sana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba, kwa uchache, wafungwa wachunguzwe kifua kikuu wanapoingia gerezani, kila mwaka wakiwa ndani, na wanapotoka. Hakuna katika hayo lisilowezekana Kenya.

Sasa tuje kwenye sheria. Kesi ambayo kila mpigania haki katika Afrika anapaswa kuijua ilitoka Afrika Kusini, katika gereza la Pollsmoor karibu na Cape Town. Dudley Lee alikamatwa mwaka 1999 kwa mashtaka ya ulaghai na mengineyo. Isipokuwa kipindi kifupi cha dhamana, alikaa rumande hadi Septemba 2004, takriban miaka minne na nusu, akipelekwa mahakamani na kurudishwa mara nyingi. Alipoingia hakuwa na kifua kikuu. Mwaka 2003, akiwa ndani, aligunduliwa kuwa nacho. Mwishowe mahakama ilimwachilia huru kwa kuwa hakupatikana na hatia. Tafadhali msomaji, zingatia hilo: mtu ambaye hakupatikana na kosa lolote alitoka na ugonjwa ambao hakuingia nao.

Lee alimshtaki Waziri wa Magereza. Ushahidi ulionyesha kwamba gereza lilikuwa limejaa kupita kiasi, kwamba wafungwa walifungiwa ndani takriban saa 23 kwa siku, na kwamba kanuni za gereza lenyewe kuhusu kuwachunguza wanaoingia, kuwatenga wenye kuambukiza na kuwafuatilia wanaotumia dawa hazikuwa zikifuatwa inavyopasa. Mahakama Kuu ilimpa ushindi. Serikali ikakata rufaa, na hapo ndipo ilipoibuka hoja ambayo sisi mawakili wa Kenya tutakutana nayo kesho tukiingia mahakamani na kesi kama hiyo.

Hoja ya Serikali ilikuwa hivi: tuseme kweli tulizembea; je, Lee anaweza kuthibitisha ni mfungwa gani aliyemwambukiza, na siku gani? Anaweza kuthibitisha kwamba kama tungefuata kanuni zote, asingeambukizwa na mgonjwa mmoja aliyeponyoka macho yetu? Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba uzembe ulikuwapo, lakini ikasema Lee ameshindwa kuonyesha kwamba uzembe huo ndio uliomletea ugonjwa. Akatoka mikono mitupu.

Hebu tuipime hoja hiyo kwa mizani ya kawaida. Mwenye gereza ndiye anayepaswa kuandika ni nani aliyeingia akikohoa. Hakuandika. Ndiye anayepaswa kumtenga mgonjwa. Hakumtenga. Kisha aliyeambukizwa anapouliza, mwenye gereza anamjibu: leta jina la aliyekuambukiza. Ni sawa na bohari kuungua, mlinzi aliyelala akamwambia mwenye mali, thibitisha ni kiberiti cha nani. Kadiri Serikali inavyozembea zaidi katika kuchunguza na kuandika, ndivyo inavyozidi kuwa salama mahakamani. Sheria inayomlipa mzembe kwa uzembe wake imepinda, na kazi ya majaji ni kuinyoosha.

Tarehe 11 Desemba 2012 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliinyoosha. Kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba kanuni ya kuthibitisha chanzo si chuma kisichopindika. Ilitosha kuonyesha kwamba, kwa kadiri ya mambo yalivyo, mfumo mzuri wa kuchunguza na kutenga ungeipunguza hatari iliyomkabili Lee, na kwamba kukosekana kwa mfumo huo kuna uwezekano mkubwa kuwa ndiko kulikosababisha maambukizo yake. Hakulazimika kumtaja aliyemwambukiza. Hata majaji wanne waliopinga hawakusema kwamba Lee hastahili kusikilizwa. Walitaka suala la kuipanua sheria ya madai lirudishwe Mahakama Kuu likaamuliwe huko. Hapakuwa na jaji katika mahakama ile aliyeona ni haki mfungwa kubebeshwa mzigo ambao funguo za kuufungulia anazo mshtakiwa.

Gereza hilohilo lina historia nyingine. Nelson Mandela alikuwa mfungwa wa Pollsmoor alipopatwa na kifua kikuu mwaka 1988. Alipelekwa hospitali ya Tygerberg, kisha zahanati ya binafsi, akatibiwa akapona, na Desemba mwaka huo akahamishiwa gereza la Victor Verster. Alipona kwa sababu ugonjwa uligunduliwa na dawa zikapatikana, na kwa sababu ulimwengu mzima ulikuwa ukimtazama. Lee hakutazamwa na ulimwengu. Haki inayomfikia tu yule anayetazamwa ni upendeleo. Ndiyo maana ni jambo la kufaa kwamba tarehe 17 Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipozipitisha upya kanuni za msingi za kuwatendea wafungwa, zile za mwaka 1955, ulizipa jina la Mandela. Kanuni ya 24 inasema kwamba wafungwa wapate huduma ya afya ya kiwango kilekile kinachopatikana katika jamii. Kanuni ya 30 inataka kila mfungwa achunguzwe mapema iwezekanavyo baada ya kupokewa, na wanaoshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza watengwe na watibiwe.

Je, lazima tungoje mtu augue ndipo twende mahakamani? Mahakama za Marekani, nchi ambayo magereza yake yana aibu zake nyingi, zimelijibu swali hilo kwa njia inayotufaa. Mwaka 1981 mahakama moja ya rufaa ya shirikisho, ikishughulikia jela iliyosongamana katika jimbo la Connecticut, iliona kwamba kuwaingiza wafungwa wapya bila kuwachunguza maradhi ya kuambukiza ni kuhatarisha afya ya wote waliomo. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza malalamiko ya mfungwa wa jimbo la Nevada aliyewekwa chumba kimoja na mvutaji wa pakiti tano za sigara kwa siku. Mfungwa hakuwa ameugua bado. Serikali ikasema: basi hana kesi. Mahakama ikaikataa hoja hiyo. Hatari kubwa ya madhara ya kesho, ikiwa wakuu wa gereza wanaijua na wanaipuuza, inatosha kuwa msingi wa madai leo. Mtu halazimiki kungoja maji machafu yamtie ugonjwa ndipo alalamike kwamba maji ni machafu.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa kwetu yapo mambo ambayo hata Pollsmoor hayakutokea. Agosti 2010, mwezi uleule ambao Wakenya walikuwa wakisherehekea Katiba mpya, wagonjwa wa kifua kikuu katika eneo la Kapsabet walikamatwa na kufikishwa mbele ya hakimu kwa sababu waliacha kutumia dawa. Amri iliyotolewa ilikuwa wazuiliwe katika gereza la Kapsabet kwa miezi minane, au kwa muda utakaotosha kukamilisha tiba. Walikaa ndani siku 46 hadi Mahakama Kuu ilipoamuru watolewe.

Fikiria maana ya amri hiyo. Serikali ilikuwa na wasiwasi kwamba watu hawa wataambukiza wengine. Kwa hiyo ikawachukua kutoka mashambani, penye hewa, ikawatia gerezani, penye msongamano. Gereza liligeuzwa wodi, bila wauguzi wala vyumba vya kutengea, na wafungwa wengine wakageuzwa majirani wa lazima wa wagonjwa. Serikali hiyohiyo ambayo siku zote husema haina nafasi ya kuwatenga wagonjwa magerezani iliamua kupeleka wagonjwa magerezani ili kuwatenga.

Kesi ilifunguliwa Mahakama Kuu ya Nairobi, na tarehe 24 Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi akatoa hukumu. Alisema kwamba Sheria ya Afya ya Umma inaruhusu mgonjwa anayehatarisha wengine kutengwa, lakini haitoi ruhusa ya kumtia gerezani, na kwamba kuwazuilia wagonjwa wale kulikiuka Katiba. Aliiagiza Serikali iandae sera ya kuwatenga wagonjwa wa kifua kikuu inayoafikiana na Katiba. Hukumu hiyo huzungumzwa kama ushindi wa wagonjwa, na ni kweli. Lakini mimi naiona pia kuwa ushindi wa kila mfungwa ambaye angelazwa karibu nao. Ikiwa si halali kumpeleka mgonjwa gerezani kwa sababu ya ugonjwa wake, basi haiwezi kuwa halali kumpokea mgonjwa kwa kosa la kuiba kuku na kumlaza katikati ya watu hamsini bila hata kumuuliza kama anakohoa.

Wale wa umri wetu hawahitaji kukumbushwa kwamba afya ya mfungwa imewahi kutumika nchini humu kama silaha. Kenneth Matiba aliwekwa kizuizini tarehe 4 Julai 1990, siku chache kabla ya mkutano wa Saba Saba, kwa kudai vyama vingi. Mwaka 1991, akiwa kizuizini, alipatwa na kiharusi, na matibabu yakacheleweshwa. Hakupata tena afya aliyoingia nayo. Mnamo Agosti 2017 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya zaidi ya shilingi milioni 500. Aprili 2018 akafariki. Kati ya kukamatwa na hukumu ilipita miaka 27. Kesi ya Matiba haikuwa ya ugonjwa wa kuambukiza, lakini kanuni iliyo chini yake ni ileile: aliyemfunga mtu amebeba dhamana ya mwili wake. Na tukitazama nyuma zaidi, mwaka 1954 homa ya matumbo ilizuka katika kambi ya Manyani, ambako wakoloni waliwarundika maelfu ya mahabusu wa vita vya Mau Mau. Serikali ya mkoloni, ya chama kimoja na ya vyama vingi zote zimerithishana funguo zilezile. Kilichobadilika ni sheria iliyo mikononi mwetu.

Sheria hiyo tuijue. Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba aliyefungwa au kuzuiliwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo kwa hakika haziwezi kwenda pamoja na kufungwa. Haki ya afya, iliyo katika kifungu cha 43, inaweza kabisa kwenda pamoja na kufungwa. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya mwaka 2014 inatambua haki ya kuchunguzwa na kutibiwa. Na kifungu cha 49 kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Kifungu hiki cha mwisho ni tiba ya kwanza ya msongamano, nacho hakihitaji dawa wala mashine. Kinahitaji hakimu anayesoma Katiba.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba Hazina haina fedha. Watunga Katiba waliliona jibu hilo likija. Kifungu cha 20 kinasema kwamba Serikali ikidai haina uwezo wa kutimiza haki kama ya afya, ni wajibu wake yenyewe kuonyesha kwamba uwezo huo haupo. Haitoshi wakili wa Serikali kusimama na kusema mfuko ni mtupu; afungue mfuko mahakamani tuuone. Maswali manne langoni yanagharimu kiasi gani? Kufungua madirisha kunagharimu kiasi gani? Na mgonjwa anayeachiliwa huru na ugonjwa wake akarudi Mathare, Kisumu au Lodwar, akawaambukiza watoto wake, gharama hiyo nani anaihesabu? Msisahau pia askari wa magereza. Wanavuta hewa ileile, kisha wanarudi jioni kwa familia zao katika nyumba za Serikali. Kesi ya mfungwa ni kesi ya askari pia, ingawa askari hawezi kuifungua bila kuhofia kazi yake.

Jibu la pili ni kwamba hawa ni wahalifu, wavumilie. Wengi wa walio rumande hawajahukumiwa kwa lolote, na Katiba inawahesabu kuwa hawana hatia. Lakini hata aliyehukumiwa, amehukumiwa kile alichosomewa. Aliyefungwa miaka miwili kwa wizi akifa kwa kifua kikuu katika mwezi wa kumi, amenyongwa kwa kosa la wizi bila jaji yeyote kutia saini.

Jibu la tatu ni zito zaidi, na linatoka kwa marafiki zetu. Wanasema: mkiipa Serikali uwezo wa kuwachunguza wafungwa, itautumia kuwatenga na kuwaaibisha. Hofu hii ina msingi. Katika jimbo la Alabama nchini Marekani, wafungwa wote walipimwa virusi vya UKIMWI, na waliokutwa navyo wakawekwa mabweni yao peke yao na kunyimwa kazi na mafunzo ambayo wenzao waliyapata, ingawa virusi hivyo havisambai kwa hewa wala kwa kukaa pamoja. Ilikuwa Desemba 2012 ndipo jaji wa shirikisho alipoamua kwamba ubaguzi huo ni kinyume cha sheria. Hapa kwetu sheria ya mwaka 2006 kuhusu UKIMWI inakataza kwa jumla kumlazimisha mtu apimwe. Kwa hiyo lazima tuseme wazi tunachodai. Tunadai uchunguzi kwa ajili ya tiba: mgonjwa aelezwe, aombwe ridhaa, siri yake ihifadhiwe na mhudumu wa afya na si na mnyapara, na kama atatengwa basi iwe kwa ugonjwa unaosambaa kwa hewa, kwa muda ambao daktari ameona unahitajika, katika chumba chenye hewa na chakula, si katika chumba cha adhabu. Uchunguzi usio na dawa nyuma yake ni upelelezi tu.

Na kwa wale wanaosema haiwezekani, tuwakumbushe mwaka 2020. Ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini mwezi Machi, Idara ya Mahakama na magereza walifanya kwa majuma machache yale ambayo yalisemwa kwa miaka kuwa hayafanyiki. Maelfu ya wafungwa wenye makosa madogo waliachiliwa. Hatua zilichukuliwa ili wanaoingia wasichanganywe na waliomo bila uangalifu. Kilichobadilika haikuwa bajeti, ila hofu: safari hii ugonjwa ulikuwa ukitishia walio nje ya ukuta pia. Kifua kikuu huua pole pole na kwa kimya, na walio wengi kati ya waathiriwa wake hawana sauti. Mficha ugonjwa kifo humfichua, walisema wahenga. Lakini kifo cha mahabusu huweza kufichwa pia.

Basi tufanye nini? Kesi hizi hushinda kwa ushahidi, na ushahidi hukusanywa kabla ya wakili kuitwa. Hapa ndipo wasomaji wa jarida hili mnapohitajika kuliko mawakili.

Kwanza, andikeni. Makasisi, wainjilisti na akina mama wanaotembelea magereza wanaona mambo ambayo hakuna jaji atakayeyaona. Tarehe ya kuingia kwa mfungwa na hali ya afya yake siku hiyo, kama aliulizwa lolote langoni, watu wangapi wanalala chumba kimoja, madirisha mangapi, nani alianza kukohoa na lini, lini aliomba kuonana na mganga na lini alimwona. Kitabu kimoja cha mazoezi kilichojazwa kwa uaminifu mwezi baada ya mwezi kina uzito mahakamani kuliko hotuba kumi. Lakini jina la mgonjwa na ugonjwa wake visitangazwe kanisani wala magazetini bila ridhaa yake.

Pili, ombeni rekodi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki ya kudai taarifa zilizo mikononi mwa Serikali. Muda wa kujibu ni siku 21, na kama taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ulizeni idadi ya waliochunguzwa langoni na idadi ya waliokutwa na kifua kikuu. Wakijibu, mna ushahidi. Wakinyamaza, kunyamaza kwao kwaweza kuambatanishwa na hati ya kiapo.

Tatu, msingoje wakili mkubwa. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu au chama kufungua kesi kwa niaba ya asiyeweza kujitetea mwenyewe, hakuna ada ya kuifungua, na kanuni za mwaka 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua. Barua ya mfungwa iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi inaweza kuwa mwanzo wa ombi la kikatiba.

Nne, msicheleweshe. Madai ya kawaida ya fidia kwa uzembe dhidi ya Serikali yana muda wa miezi 12 tu. Ombi la kikatiba halina kikomo kama hicho, lakini mahakama itauliza kwa nini mlikawia. Na mkishinda, kumbukeni kwamba sheria haimruhusu mshindi kupeleka madalali kukamata mali ya Serikali. Itambidi apate hati ya amri na, wakikaidi, arudi mahakamani kumshurutisha afisa mhusika kulipa. Kwa sababu hiyo, tusiombe fidia peke yake. Tuombe amri za kubadilisha mambo: kila anayeingia achunguzwe, rekodi itunzwe, idadi ipunguzwe, na taarifa iletwe mbele ya jaji kila baada ya muda maalumu. Baada ya hukumu ya Lee, watetezi wa haki hawakuridhika. Walirudi mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Cape Town ikaamuru idadi ya mahabusu wa Pollsmoor ishushwe isizidi asilimia 150 ya uwezo wa gereza. Bado ni wengi mno, lakini tangu hapo msongamano ukawa na kipimo ambacho Serikali inaweza kuulizwa.

Tulipigania mageuzi ili Serikali yoyote, ya chama chochote, iweze kuulizwa swali na ikalazimika kujibu. Mahali ambapo swali huulizwa kwa shida zaidi ni nyuma ya ukuta wa jela, kwa mtu asiye na jina kubwa, anayekohoa usiku. Juma hili, atakayekwenda gerezani na sabuni achukue pia kalamu na kitabu, na akifika langoni aanze na swali moja: leo mmewapokea wangapi, na ni wangapi kati yao waliochunguzwa?